Usagikaji wa bega: bega bandia la kawaida au la kugeuzwa?

Binti wa Tabata aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Ninamwuguza mama yangu, mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 71, ambaye bega lake la kushoto limesagika kiasi kwamba dawa za maumivu hazimpi nafuu ya kutosha, na usiku analala ameegemea mito kwa sababu hawezi kulalia upande huo. Ameshafanya mazoezi ya viungo kwa muda mrefu, ameshachomwa sindano ya steroidi begani, na sasa tumefikia hatua ya kuzungumzia upasuaji wa kumwekea bega bandia.

Tatizo letu ni kwamba madaktari bingwa wawili waliomwona hapa Dar es Salaam wanakubaliana kuhusu upasuaji lakini hawakubaliani kuhusu aina ya kipandikizi. Wa kwanza alipendekeza bega bandia la kawaida, lile linalofuata umbo la bega la kuzaliwa. Wa pili, akiangalia picha zilezile, alisema kwamba kwa umri wake ni afadhali bega la kugeuzwa, ambalo tufe na kikombe hubadilishana mahali. Ripoti ya MRI inasema kwamba kano zinazozunguka bega zipo, ila ile ya juu imechanika kwa sehemu na msuli wake umeanza kuingiwa na mafuta. Ripoti ya CT inasema kwamba kikombe cha bega kimelika zaidi upande wa nyuma, na kichwa cha mfupa kimeanza kusogea kuelekea huko. Yupo pia ndugu yetu anayeshauri tuombe abadilishiwe kichwa cha mfupa peke yake ili gharama ipungue.

Naomba wenye ujuzi wanifafanulie tofauti ya vipandikizi hivi kwa mgonjwa kama yeye, na ni kitu gani hasa kinachopaswa kuamua. Mama anatumia dawa za shinikizo la damu, hana kisukari, na hadi sasa anajihudumia mwenyewe kwa kila jambo.

Daktari wa mifupa, Upanga, alijibu:

Pole sana kwa kuuguza. Nitaeleza kwa jumla, kwa sababu sijaziona picha za mama na siwezi kuchukua nafasi ya wenzangu waliompima kwa mikono yao.

Kikombe cha bega, tofauti na cha nyonga, ni kidogo na hakina kina, kwa hiyo kinachokishikilia kichwa cha mfupa mahali pake ni kano nne zinazokikumbatia kuliko mfupa wenyewe. Bega bandia la kawaida hubadilisha nyuso mbili zilizosagika: mfupa wa mkono unawekewa kichwa cha chuma, na bapa la bega linawekewa kikombe cha plastiki ngumu ambacho kwa kawaida hugandishwa kwa saruji ya mifupa. Kazi ya kukituliza kichwa hicho katikati ya kikombe inaachiwa kano za mgonjwa mwenyewe. Kano zikiwa nzima, mgonjwa hupata bega linalozunguka karibu kama lile la awali. Zikidhoofika, msuli wa deltoidi, ule mnene unaofunika bega kwa nje, huuvuta mkono juu bila kitu cha kuuzuia, kichwa hupanda, na kikombe cha plastiki hubeba mzigo kwenye ukingo mmoja, kikitikiswa kama nguzo ya ua inayosukumwa kila siku kutoka upande uleule, mpaka kinalegea. Kulegea kwa kikombe ndiko kunakoongoza katika kuliangusha bega la kawaida baada ya miaka, na kuharibika kwa kano ni sababu nyingine kubwa.

Bega la kugeuzwa lilibuniwa kwa ajili ya wagonjwa ambao kano zao zilikuwa zimekwisha. Majaribio ya miaka ya 1970 yalishindwa, kwa sababu kitovu cha mzunguko kiliachwa mbali na mfupa na skrubu zikawa zinang'oka. Paul Grammont wa Dijon, Ufaransa, ndiye aliyepata njia mwaka 1985: tufe liwekwe kwenye bapa la bega, kikombe kiwekwe juu ya mfupa wa mkono, na kitovu cha mzunguko kisogezwe ndani na chini. Kwa mpangilio huo deltoidi hupata mkono mrefu zaidi wa kuvutia, na mgonjwa anaweza kuinua mkono hata kama kano ya juu haipo kabisa. Marekani iliruhusu kifaa hicho mwishoni mwa mwaka 2003, na tangu hapo matumizi yake yamepanuka kutoka kwa wasio na kano hadi kwa wazee wenye usagikaji wa kawaida ambao kano zao bado zipo. Mabishano ya madaktari wako yapo katika upanuzi huo, na yapo duniani kote, si Dar es Salaam peke yake.

Kila mmoja wao ana pa kusimamia. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2020, ule wa NICE, taasisi inayoandaa miongozo ya tiba huko, unaelekeza bega la kawaida kwa mgonjwa wa usagikaji ambaye kano zake hazijachanika, mradi mfupa wa kikombe unatosha. Mwaka 2024 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za Uingereza, zaidi ya upasuaji 10,000 kwa watu wa miaka 60 na kuendelea, ukilinganisha aina hizi mbili kwa wagonjwa wa usagikaji wenye kano nzima. Bega la kugeuzwa lilikuwa na upasuaji wa marudio mchache zaidi katika miaka mitatu ya mwanzo, lakini kwa ujumla hapakuonekana tofauti kubwa ya maana kwa mgonjwa. Huo ni uchambuzi wa kumbukumbu, si jaribio la kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Ninauheshimu, ila nina shaka moja: bega la kugeuzwa linalouma bila sababu ya wazi huachwa lilivyo mara nyingi, kwa kuwa daktari hana kitu bora cha kuweka badala yake, wakati bega la kawaida linalouma hugeuzwa. Mgonjwa wa kwanza hahesabiwi kama aliyerudiwa, hata kama maumivu yake ni yaleyale.

Kwa mama yako, mambo mawili uliyoyaandika yana uzito mkubwa kuliko umri. La kwanza ni kano ya juu yenye msuli ulioanza kuingiwa na mafuta, kwa sababu mafuta yakishaingia hayatoki, na kano ya namna hiyo kwa mtu wa miaka 71 huelekea kuharibika zaidi. La pili ni kulika kwa nyuma. Mfaransa Gilles Walch aliyapanga maumbo ya kikombe kilicholika kwa herufi, na maelezo ya CT yako yanafanana na kundi la B, ambalo kichwa cha mfupa huteleza kuelekea nyuma. Daktari anayeweka bega la kawaida katika hali hiyo lazima asawazishe mfupa, kwa kuchonga upande wa mbele uliobaki juu au kwa kutumia kikombe chenye unene upande mmoja, na bado kichwa kinaweza kurudia kuteleza nyuma. Mimi binafsi, mambo hayo mawili yakiwa pamoja kwa mgonjwa wa umri huo, ningeelekea kwenye la kugeuzwa. Lingekuwepo moja tu kati yake, na lenyewe kwa kiwango kidogo, ningesita.

Fiziotherapia wa Temeke alijibu:

Maelezo ya daktari yamejitosheleza upande wa mifupa. Naomba nimuulize Binti jambo ambalo kliniki nyingi hazilifikii: bega linalouma ni la kushoto, na umesema mama anajihudumia. Je, kwa mkono huo anafanya nini nyuma ya mgongo wake?

Ninauliza kwa sababu tofauti ambayo mgonjwa mwenyewe huiona kati ya vipandikizi hivi haiko sana katika kuinua mkono. Aina zote mbili humwezesha kufikia rafu, kuchana nywele na kuanua nguo. Tofauti iko katika kuzungusha mkono kwa ndani, yaani kuupeleka nyuma ya kiuno, kwenye makalio na kwenye kifungo cha sidiria. Bega la kawaida lenye kano nzima kwa kawaida hurudisha mzunguko huo vizuri zaidi. Bega la kugeuzwa halitabiriki: wapo wanaofika kiunoni na wapo wanaoishia pembeni mwa paja. Kwetu mkono wa kushoto ndio wa kujisafishia chooni, iwe ni kwa kopo au kwa bomba la kunyunyizia, na nimewahudumia wazee waliofurahia bega lisilouma huku wakiona aibu kusema kwamba jambo hilo moja limewashinda. Mwombe mama akuonyeshe leo anafika wapi kwa mkono wa kushoto na anafika wapi kwa wa kulia. Ikiwa wa kushoto hauendi nyuma tena na ameshazoea kutumia wa kulia, hana cha kupoteza hapo, na hoja hii inapungua nguvu. Ikiwa bado unakwenda, daktari aambiwe kabla, si baada.

Kuna jambo la pili. Mkao ambao bega la kugeuzwa huteguka kwa urahisi katika miezi ya mwanzo ni mkono ukiwa nyuma ya mwili, umebanwa ubavuni, umegeuzwa kwa ndani na umebeba uzito. Mtu aliyeketi kwenye mkeka akajisukuma kwa kiganja kilichowekwa nyuma ili ainuke yuko katika mkao huo hasa. Vivyo hivyo anayeinuka kutoka kwenye kochi la chini kwa kusukuma kiti. Kwa hiyo nyumba itayarishwe mapema: kiti kirefu chenye mikono, kitanda kisicho chini sana, na kama mama anaswali, azungumze na daktari kuhusu kuswali akiwa ameketi kitini mpaka atakaporuhusiwa kuegemea viganja. Bega la kawaida nalo lina masharti yake. Kano ya mbele hukatwa au kutenguliwa ili daktari aingie, kisha hushonwa, na kwa takribani wiki sita hatakiwi kuvuta kitu kuelekea tumboni kwa nguvu wala kuufungua mkono kwa nje kupita kipimo alichopewa. Ushonaji huo ukifumuka, bega la kawaida limeharibika.

Kubeba ndoo ya lita 20 kwa mkono huo asahau, kwa aina yoyote ile.

Mzee wa Kigamboni alijibu:

Nimesoma nikaona nichangie kama mtu aliyewekewa. Mimi nina bega la kugeuzwa upande wa kulia, niliwekewa nje ya nchi kwa sababu kano zangu zilikuwa zimekatika kabisa, kwa hiyo sikuwa na la kuchagua. Maumivu ya usiku yaliondoka mapema kuliko nilivyotarajia, na hilo peke yake lilinitosha. Mkono unapanda hadi juu ya kichwa. Pochi sasa ninaiweka mfuko wa mbele, kwa kuwa mfuko wa nyuma sifiki.

Nina lalamiko moja, na hospitali siitaji. Nilipoondoka nilipewa barua ya nusu ukurasa isiyosema nimewekewa kifaa gani. Baadaye nilianguka hapa nyumbani, nikapigwa eksirei, na daktari wa hapa akaniuliza aina na saizi ya kipandikizi, nikabaki kimya. Ilichukua barua pepe nyingi kupata jibu. Binti yangu, kila kipandikizi huja na stika yenye jina la mtengenezaji, saizi na namba ya toleo. Omba stika hizo zibandikwe kwenye nakala ya ripoti ya upasuaji ambayo mama atakaa nayo mwenyewe. Aina za vifaa ni nyingi, na tufe la kampuni moja halikubali kikombe cha nyingine.

Binti wa Tabata aliandika:

Shikamoo mzee, na nawashukuru wote. Nimefanya kama nilivyoelekezwa. Mkono wa kushoto wa mama hauvuki nyonga, na amekiri kwamba mambo ya chooni ameyahamishia mkono wa kulia tangu mwaka jana bila kumwambia mtu. Kwa hiyo naona hoja ya kuzungusha mkono haimzuii. Nimebaki na maswali mawili. Je, pendekezo la ndugu yetu la kubadilisha kichwa peke yake lina mantiki yoyote? Na daktari wa kwanza alitaja kifaa kisicho na shina, je, hicho ni aina ya tatu?

Daktari wa mifupa, Upanga, alijibu:

Nianze na la pili kwa sababu ni jepesi. Shina ni ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya uwazi wa mfupa wa mkono. Lipo refu, lipo fupi, na tangu miaka ya 2000 vipo vifaa visivyo na shina vinavyojishika kwenye mfupa laini wa juu tu. Hilo ni suala la namna kifaa kinavyoshikwa, halibadilishi swali la kawaida au la kugeuzwa. Kutokuwa na shina huhifadhi mfupa na hurahisisha marudio kama yatahitajika, lakini kunahitaji mfupa imara, na kwa mwanamke wa miaka 71 daktari hujua uimara huo kwa hakika anapoubonyeza kwa kidole baada ya kukata kichwa. Ukibonyea, shina litawekwa, na mama asishangae.

Kubadilisha kichwa peke yake ndiko tulikoanzia. Charles Neer wa Marekani aliweka vichwa vya chuma kwa waliovunjika mabega katika miaka ya 1950, kisha mwaka 1974 akachapisha matokeo yake kwa wagonjwa wa usagikaji. Baadaye kikombe cha plastiki kiliongezwa kwa sababu chuma kinachosugua mfupa uliokwisha gegedu huendelea kuula mfupa huo, na maumivu hurudi. Majaribio yaliyolinganisha njia hizo mbili kwa usagikaji yanaonyesha kwamba kubadilisha pande zote hutuliza maumivu vizuri zaidi, na miongozo ya Marekani na Uingereza inakubaliana hapo. Kwa mama, ambaye kikombe chake kimeshalika nyuma, chuma kitaendelea kuchimba palepale palipochimbika. Akirudi baada ya miaka michache kutaka kugeuziwa, mfupa wa kushikia skrubu utakuwa umepungua na gharama itakuwa mara mbili. Nafasi ya njia hiyo imebaki kwa wachache, mathalani kijana mwenye selimundu ambaye kichwa cha mfupa kimekufa kwa kukosa damu lakini kikombe bado kina gegedu safi. Vijana hao tunawaona sana hapa nchini, na nisingependa mtu asome uzi huu akadhani jibu la mama wa miaka 71 ni lao pia.

Umri una maana kwa njia nyingine. Bega la kawaida likishindwa, linaweza kubadilishwa kuwa la kugeuzwa, na baadhi ya mashina yametengenezwa ili yabaki mahali pake wakati huo. Bega la kugeuzwa likishindwa, njia zinazobaki ni chache na ngumu. Ndiyo maana kwa mtu wa miaka 55 mwenye kano nzima nang'ang'ania la kawaida, na kwa mtu wa miaka 71 hofu yangu ya kulitumia la kugeuzwa mapema ni ndogo zaidi.

Muuguzi wa chumba cha upasuaji, Mbezi, alijibu:

Nichangie upande wa vifaa. Vipandikizi vya bega haviwekwi stoo kama paracetamol. Hospitali nyingi huviagiza kwa msambazaji kwa ajili ya mgonjwa husika, vinakuja na trei za vifaa vya kupimia, na visivyotumika vinarudishwa. Muulizeni daktari kama seti ya kugeuza itakuwemo chumbani siku hiyo hata ikiwa mpango ni bega la kawaida. Kano ambayo MRI imesema imechanika kwa sehemu inaweza kukutwa mbaya zaidi baada ya kufungua, na daktari asiye na seti ya pili atalazimika kuweka kile alicho nacho. Fomu ya ridhaa nayo itaje uwezekano huo, ili mama asizinduke na kifaa ambacho hakukubali. Kwa wenye bima, kibali kiombwe kwa majina ya vifaa vyote viwili, kwani kibali cha kimoja hakibebi kingine.

Muulizeni pia, bila kuona haya, ni mabega mangapi ameyafanya na ni ya aina ipi. Nimesimama mezani na madaktari wazuri wa nyonga na magoti ambao bega huwapitia mara chache, na wao wenyewe hukubali kwamba mgonjwa angefaidika zaidi kwa yule anayelifanya mara kwa mara. Katika hali kama ya mama, ambapo hoja za pande zote zinakaribiana, mimi ningeupa mkono wa daktari uzito kuliko jina la kifaa.

Binti wa Tabata aliandika:

Hilo la seti mbili hakuna aliyetuambia. Nitarudi kwa daktari wa pili nikiwa na maswali haya. Je, ile sindano ya steroidi aliyochomwa mwezi uliopita inaathiri tarehe ya upasuaji?

Daktari wa mifupa, Upanga, alijibu:

Ndiyo, inaathiri, na ni vizuri umetaja. Sindano ya steroidi ndani ya kiungo katika miezi mitatu kabla ya upasuaji huongeza hatari ya maambukizi, kwa hiyo wengi wetu tunasubiri miezi hiyo iishe. Mwambie daktari tarehe kamili ya sindano na asichomwe nyingine. Bega lina bakteria wake anayeitwa Cutibacterium acnes, anayeishi ndani ya vinyweleo na tezi za mafuta za ngozi ya kifua, bega na mgongo. Haleti homa wala usaha wa wazi, huota polepole kiasi kwamba maabara hutakiwa kukaa na sampuli hadi siku 14, na mgonjwa huonekana tu ana bega lisilotulia. Sabuni ya kawaida haimfikii vizuri, ndiyo maana baadhi yetu humpa mgonjwa dawa ya kupaka ya benzoyl peroxide, ileile ya chunusi, aitumie begani na kwapani siku chache kabla. Mama asinyoe kwapa kwa wembe nyumbani, na kama ana jino linalouma au kidonda chochote, kitibiwe kwanza ndani ya miezi hii ya kusubiri.